Foto Yangu Juu ya Bango la Sabuni

Mama Elsa alikuwa amesimama mbele yangu, amenuna. Juu ya kichwa chake, kwenye bango kubwa karibu na bandari, Mama Elsa huyo huyo alikuwa anacheka, ameshika sabuni.

"Evodie, hawa wamenitoa wapi?"

Nilijua. Ile foto niliipiga mimi, na telefone yangu, siku tulikuwa tunafua kando ya ziwa. Huyu jirani yetu hachekagi ovyo. Siku ile nilikuwa namuigizia namna mume wake anakoroma. Akakubali niiweke Facebook. Sasa muntu ameiiba, ametia sabuni mkononi, anauzia.

Tukapanda pikipiki moja mpaka kwenye depo ya Papa Hubert, mwenye sabuni.

Akatupokea kwa upole. "Binti yangu, wewe si fotografe. Unapiga ya kujifurahisha. Chukua karitoni moja ya sabuni, na merci."

"Papa, na lile bango umeliweka kwa kujifurahisha?"

Akajifanya anahesabu karitoni zake. Nikaendelea:

"Foto ya kuonyesha marafiki ni bure. Ya kuuzia ndiyo iko na bei. Dola mia mbili, mwaka mumoja, bango tu. Na nusu ni ya Mama Elsa, sababu sura ni yake. Hautaki? Ishushe."

Papa Hubert akacheka mpaka machozi. "Kwa pesa hiyo naleta fotografe wa kweli toka Lubumbashi!"

"Mulete."

Niliogopa kukosa ile pesa, sidanganyi. Minerval, pesa ya masomo ya mudogo wangu, ilikuwa bado haijalipwa. Karitoni nikaiacha pale pale.

Kweli, bango likashushwa. Fotografe akafika na mataa yake. Halafu nikasikia habari iliyonikata maini: Mama Elsa amekubali kwenda kupigwa foto, na amelipwa!

Sikumusalimia tena.

Siku chache baadaye, Papa Hubert huyo mulangoni kwetu, jasho linamutoka.

"Evodie, zile foto mpya hazifai. Nipe ile ya kwanza. Mia mbili, umesema?"

"Ilikuwa mia mbili. Leo ni mia tatu."

Akalipa, akanung'unika, akaenda.

Nikakimbia kwa Mama Elsa na nusu yake. "Mama, ulimufanya nini yule fotografe?"

"Mimi? Hakuna. Walinilipa kukaa, nikakaa." Akapokea pesa, akaifunga kwenye kitenge. "Kucheka hatukupatana bei."

Wewe unayepiga foto na telefone, sikia: kama inafaa kuuzia mali ya muntu, inafaa kulipwa. Taja bei yako. Hata sauti ikitetemeka, taja.