Mwaka Niliojifunza Kulegea

Mtoto wetu alipotimiza mwaka na nusu bado alikuwa akilala katikati yetu, na mimi ndiye niliyemweka hapo. Mume wangu alidhani ni mapenzi ya mama. Ukweli ni kwamba nilimfanya ukuta. Tangu nijifungue, kila tulipojaribu kuwa mume na mke nilihisi kama nachanika upya, na maumivu yalibaki ndani ya nyonga siku mbili, tatu. Mume wangu hakulalamika hata mara moja. Afadhali angelalamika, ningepata wa kumkasirikia. Niliona ndoa yangu ikinitoka mikononi kwa upole, bila kelele.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na tunaishi Majimbo, Embu. Kukaa nako kuliniuma. Nilisahihisha madaftari nimesimama, na kanisani nilijitolea kukaribisha wageni mlangoni ili nisikalie benchi. Mchungaji alinisifu mbele ya watu kwa bidii yangu. Nilitabasamu, lakini moyoni nilitamani kumtupia kitabu cha nyimbo.

Kosa lilianza kwa upendo. Nilipojifungua, mama yangu alishuka kutoka Kibirichia na viazi, unga wa wimbi wa uji na leso tatu. Kwetu mzazi hufungwa tumbo. Mama alinifunga mpaka pumzi ikawa ya kuomba, akasema nisifungue hadi tumbo lirudi mahali pake. Wanawake wengine hufungwa wiki chache, wakafungua, maisha yakaendelea. Mimi nina kichwa kigumu. Maumivu hayakuisha, nikaamini kuna kitu ndani kimelegea, basi nikazidi kukaza fundo. Nilivaa leso chini ya gauni miezi kumi na minane, hata darasani kwenye joto la Februari.

Nilipowadokezea akina mama wa kikundi chetu cha kanisa, walishusha sauti na kunishauri nibane kule chini mara mia kila siku, eti mwanamke akilegea mume hutafuta kwingine. Nilibana nikiandika ubaoni. Nilibana nikipika. Maumivu yalipoongezeka, nami niliongeza hesabu.

Hatimaye nilienda hospitali. Daktari alinipima, akasema hakuna uvimbe wala maambukizi, akanituma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilikasirika kweli. Kwa akili yangu, chumba kile ni cha wazee wa kiharusi na vijana walioangushwa na bodaboda. Niliingia kwa sababu tu foleni yake ilikuwa fupi.

Nilimkuta mwanamke wa rika langu, lafudhi yake ya huko Kianjai. Alinieleza kila atakachofanya kabla hajakifanya, na kwamba nikisema acha, ataacha. Kisha akavaa glavu, akabonyeza ndani kwa kidole kimoja, upande wa kushoto. Niliruka.

"Ni hapo?"

"Ni hapo hapo."

Nikaanza kulia. Kwa mwaka na nusu hakuna aliyewahi kupafikia mahali pale, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni kichwa changu.

"Madam, wewe hujalegea," alisema. "Hii misuli imeshikana kama ngumi. Ukikunja ngumi mwaka mzima, si mkono utauma?"

"Kwa hivyo nibane mara ngapi?"

"Usibane hata mara moja. Na hiyo leso utoe leo."

Nilibisha, nikamwambia ni mama aliyenifunga. "Mamako alifunga tumbo la wiki mbili," akanijibu. "Hili la mwaka umelifunga wewe mwenyewe."

Nilitoka nimejishika tumbo kwa mkono kama mtu aliyeibiwa mshipi. Kazi aliyonipa ilikuwa ndogo hadi ya kunitia aibu: nilale chali, magoti juu, nivute pumzi hadi tumbo liinuke, kisha niiachilie, halafu nichuchumae, visigino vikiwa chini. Kila wiki nilirudi kwake, kidole kile kikabonyeza, nami nikajifunza kutoruka.

Likizo ilipofika nilipanda Kibirichia kumsaidia mama kuchimba viazi. Nilichagua viazi nikiwa nimechuchumaa, vikubwa huku, vya mbegu kule. Siku ya kwanza sikumaliza hata ndoo moja. Jioni mama alinikuta nyuma ya ghala nimelala chali, macho nimefumba, akaja mbio na maji akidhani nimezirai. Nikamweleza yote, mpaka habari za mume wangu. Kwetu mtu hamwambii mamake mambo hayo. Akaokota kiazi kimoja, akaanza kukipangusa udongo.

"Nilikuwa hivyo baada ya kukuzaa wewe," akasema. "Miaka minne."

"Nani alikusaidia?"

"Ningeambia nani?"

Nilimwonea uchungu hata nikasahau wangu. Kisha akatandika gunia kando yangu, akalala, akaniamuru nimwonyeshe hiyo ya kupumua.

Mwezi wa nne wa matibabu, Jumamosi moja mchana, mtoto alikuwa kwa jirani na mvua ilikuwa imeanza. Nilimwambia mume wangu tujaribu. Nikampa sharti lile lile la chumba cha mazoezi: twende pole pole, na nikisema acha, aache. Aliogopa kuliko mimi. Mara moja nilisema acha, akaacha. Nikapumua. Tukaendelea.

"Nimekuumiza?" aliuliza baadaye.

"Kidogo, mwanzoni. Halafu ikaisha."

Akageukia ukuta. Nilidhani amelala, kumbe analia, huyu mtu ambaye hakutoa chozi hata kwenye mazishi ya babake. Nilimuuliza kuna nini.

"Mimi nilijua umenichoka," akasema, "na ulikuwa unaogopa tu kuniambia."

Nilimgeuza, nikamshika uso kwa mikono yote miwili, nikamwambia sijawahi kumchoka hata siku moja. Mvua ilizidi, na tulichelewa sana kwenda kumchukua mtoto.