Mfumo Niliomchagulia Kaka

Mimi ni mtu wa Linux, ule mfumo wa kompyuta wa bure unaoandikwa na watu wa kujitolea. Nalisema mapema ili anayechoshwa na watu wa namna yangu aachane nami hapa hapa. Kijiduka changu cha kutengeneza kompyuta kipo Makambako, kando ya barabara iendayo Njombe, na kwa miaka yote niliyokaa pale sijaona mashine iliyokufa kwa uzee. Nimeona zilizokufa kwa vumbi, kwa chai, kwa umeme unaokatika na kurudi kwa hasira, na zaidi ya yote kwa Windows ya kuchakachua iliyowekwa na mtu aliyejifunza kazi jana. Mwenye mashine huniambia, "Fundi, imekuwa nzito." Naifungua, nakuta programu mbili za kuzuia virusi zinagombana zenyewe kwa zenyewe, na virusi vimejikalia vinatazama.

Mashine mpya za dukani, zile nyembamba zinazong'aa, siziheshimu. RAM imegandishwa kwenye ubao, betri imebandikwa kwa gundi, na skrubu zake zinataka bisibisi ambayo kiwanda hakikukusudia wewe uwe nayo. Huo ni ujumbe, na ujumbe wenyewe ni kwamba umekodi, hujanunua. Napenda zile nzito nyeusi za mtumba, zilizochoka kutumika maofisini Ulaya, zenye kitufe chekundu katikati ya kibodi. Unatoa diski ya kuzunguka unaweka SSD, ile isiyozunguka, unaongeza RAM, unaweka Linux, na mashine iliyokuwa inaelekea jalalani inaamka kwa muda ambao mwenzake wa dukani bado anamkaribisha mteja kwa picha za milima. Haya nimemweleza kila aliyekaa kwenye benchi langu, wakiwemo waliokuja kutoa fotokopi tu.

Kaka yangu ndiye alinisikiliza kwa uvumilivu kuliko wote, labda kwa sababu yeye ni mwalimu na amezoea watu wanaosema sana. Anafundisha historia katika shule moja ya sekondari Njombe. Presha ya macho ilimla taratibu, ikaanzia pembeni na kuingia ndani, hadi ikafika mahali akawa anatofautisha dirisha na ukuta, basi. Darasani hakukuwa na tatizo kubwa. Historia alikuwa nayo kichwani na wanafunzi walimheshimu. Tatizo lilikuwa makaratasi: maandalio ya masomo, mitihani, alama. Hayo walimfanyia walimu wenzake, na wenzake walianza kuchoka, ingawa hakuna aliyesema.

Mkuu wa shule ndiye aliyesema. Alimpa likizo ya katikati ya mwaka ajiandae. Shule ikifunguliwa, aonyeshe kwamba anaweza kuandaa kazi zake mwenyewe. Akishindwa angetolewa darasani na kupewa stoo ya vitabu. Kaka alinieleza haya kwa simu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenisomea ratiba.

"Wananipa vitabu nivilinde, mimi nisiyeviona," alisema. "Bwana mdogo, stoo sikai. Nitaacha kazi. Wewe si umesema kuna kompyuta inayosoma kwa sauti?"

Ni kweli nilisema. Kuna programu zinazosoma kilichopo kwenye skrini na kukitamka, herufi kwa herufi au sentensi kwa sentensi, na mtu huendesha mashine kwa kibodi peke yake. Za bure zipo kwa Windows na zipo kwa Linux. Sikufikiria mara mbili. Nilichukua moja ya mashine zangu nyeusi, nikaweka Linux, nikaweka sauti ya Kiswahili, nikampelekea Njombe Jumamosi ya kwanza ya likizo. Ilikuwa msimu ule ambao asubuhi majani yana weupe wa barafu na watu husalimiana mikono ikiwa mifukoni.

Kaka anaishi na mama. Mke wake ni muuguzi Matamba na hurudi mwisho wa mwezi. Tulikaa jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Sauti ya mashine ilikuwa kavu, ya chuma, kama ya mpiga debe mwenye mafua, na kaka aliposikia inatamka jina la somo lake alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akatafuta herufi kwa vidole, polepole, akaandika neno lake la kwanza: kamwene, salamu ya kwetu. Akabonyeza ili lisomwe. Mashine ikasema, "Kamwene." Mama alikuwa anamenya viazi mlangoni, amegeuzia mgongo. Akaitikia.

Tulicheka sana, lakini mama hakuona cha kuchekesha. Kwake aliyekusalimia huitikiwa. Tangu siku hiyo, kaka alipoiwasha asubuhi na yenyewe ikajitambulisha, mama aliisalimia kutoka alipokuwa, na aliniuliza kwa simu habari zake kama anavyouliza za watoto.

Kaka alijifunza haraka kuliko nilivyotegemea. Kila Jumamosi nilipopanda kwenda Njombe nilimkuta amepiga hatua. Alikatiza mazungumzo yetu ili nisikilize aya aliyoiandika juu ya vita vya Majimaji, ikisomwa na ile sauti yenye mafua bila hisia hata kidogo. Nilimfundisha kunakili kila kitu kwenye flashi aliyoivaa shingoni, akawa haivui hata kuoga. Nilijisikia vizuri. Nilijisikia, kusema kweli, kwamba nilikuwa nimeshinda mabishano yote ya benchini kwangu kwa mpigo mmoja.

Halafu masasisho ya mfumo yakaja, na sauti ikapotea. Kwa anayeona, sauti ikipotea ni usumbufu. Kwa kaka, mashine yote ilikuwa imezimika. Alinipigia simu, nami nikiwa dukani nikamwelekeza amri za kuandika, akaziandika bila kuziona, akasubiri majibu asiyoyasikia. Tulihangaika mpaka chaji ya simu yake ikaisha. Nikafunga duka nikapanda Njombe, nikairekebisha kabla chai haijapoa. Nilimweleza kwamba kosa si la mfumo. Ni la watengenezaji wa kadi ya sauti ambao hawataki kutoa maelezo ya kifaa chao.

"Sawa," alisema. "Lakini mimi kadi siijui. Nakujua wewe."

Kitu kingine kilichoharibika na masasisho yale ni usingizi. Kabla yake, ukifunga kifuniko, mashine ililala. Sasa ulifunga kifuniko na yenyewe ikaendelea kufanya kazi gizani. Ni ugonjwa wa zamani kwa watu wa Linux. Tunauchukulia kama mguu mfupi wa mtu wa familia, tunaupita bila kuutaja. Nilimwambia kaka asifunge tu, aizime kabisa kwa kibodi. Akasema amesikia. Mama naye alikuwa anasikiliza, na akauliza kama baridi hii haiidhuru. Nikamjibu kwamba mashine ikikaa kwenye baridi kali kisha ikaletwa karibu na moto hutoa jasho ndani, na jasho ni baya. Nilimjibu kitaalamu, nikaridhika na jibu langu.

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, kaka alimaliza kuandaa mtihani wake wa kwanza peke yake. Alichoka. Alifunga kifuniko akaenda kupumzika. Mama akaiona iko peke yake mezani, chumba kikiwa cha baridi, akaona haifai. Akatoa blanketi zito la marehemu baba, akaizungushia kama anavyofanya kwa mtoto mchanga na kwa parachichi anazotaka ziive, akailaza kitandani kwake.

Asubuhi kaka alinipigia. "Inanuka kama pasi iliyosahaulika juu ya suruali," alisema. "Na haisemi."

Nilipoifungua nilikuta ubao umeungua kwenye chipu ya umeme na betri imevimba. Ilikuwa macho muda wote mle blanketini, feni ikivuta hewa isiyokuwepo. Mama alisimama nyuma yangu na kanga yake mdomoni.

"Nimeiua, mwanangu?"

"Hapana, mama. Ilikuwa na ugonjwa."

Hapo ndipo nilipokaribia zaidi kuisema vibaya Linux mbele ya watu. Mpaka leo nashikilia kwamba lilikuwa tatizo la dereva, yaani programu inayoendesha kifaa kimoja, na wala si la mfumo. Lakini sikuwa na hamu ya kulieleza pale.

Kazi zote zilikuwa salama kwenye flashi. Kilichokosekana ni mashine, na muda wa kutafuta nyingine haukuwepo. Nilikuwa na yangu mwenyewe, niliyoibeba begani: mashine niliyoitengeneza kwa miaka, kila kitu kikiwa mahali nilipokitaka, hakuna programu hata moja niliyolazimishwa. Nikamwambia kaka nitaisafisha nimwekee kila kitu kama kilivyokuwa. Vidole vyake vilicheza na flashi.

"Niwekee ile wanayotumia shuleni," alisema.

Nilidhani anatania. Nikaanza kumweleza, na nadhani nilipandisha sauti, kwamba ile itamsumbua kwa matangazo, itajiwasha upya inapotaka yenyewe, itapeleka habari zake asikokujua. Aliniacha nimalize. Ana tabia hiyo kutoka darasani.

"Yote ni kweli, sibishi," alisema. "Lakini sauti ikipotea pale ofisini, nimgeukie nani? Walimu wote wanaijua ile. Yeyote atanyoosha mkono abonyeze. Hii yako ina mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe yuko Makambako."

Nilikasirika. Nilitoka nje nikasimama kwenye bustani ya mama kati ya mashina ya kabeji, nikatafuta jibu. Nina majibu ya mabishano yote ya mifumo, nimeyakusanya kwa miaka. La hilo sikulipata, na bado sijalipata.

Nikarudi ndani nikaifuta mashine yangu. Leseni halali ya Windows ilikuwa bado imo kwenye ubao wake tangu kiwandani, kwa hiyo angalau sikuhitaji kuchakachua. Mfumo ulipojiweka ukaniuliza kama nataka kushiriki hili na lile, na nikajibu hapana kwa kila swali kwa kidole kilichokuwa na chuki. Nikaweka ile programu ya bure ya kusoma skrini, iliyoandikwa na watu wa kujitolea kama wale wangu. Ikafungua mdomo.

"Kumbe ni yule yule!" kaka alisema. Ilikuwa sauti ile ile ya chuma yenye mafua. Watu wa Linux na wa Windows wanaitumia wote. Ilikuwa faraja yangu pekee siku hiyo, na kusema kweli ilikuwa ndogo.

Amri nyingi za kibodi zilikuwa tofauti. Tulizifanyia mazoezi kutwa, na kesho yake tena, mpaka akazishika. Nilipoondoka aliniomba kitu kimoja: siku ya kuonyesha nisije. "Ukiwepo watadhani unanisaidia," alisema. "Na mimi nitakutegemea."

Nilikubali. Siku yenyewe nikaamka nikafunga duka nikaenda.

Niliingia shuleni kwa upande wa bwalo, nikasimama barazani, kati ya dirisha la ofisi ya walimu na mlango wake. Kaka alikaa mezani, mkuu wa shule amesimama nyuma yake na walimu kadhaa wamezunguka. Alifungua mtihani alioutunga. Alibadilisha swali mkuu alipomtaka abadilishe. Alianza kuingiza alama, ile sauti ikimrudishia kila tarakimu, na ofisi nzima ikaisikiliza. Kisha sauti ikakatika.

Niliona vidole vyake vikisimama hewani. Nilijua dawa yake, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Kaka aligeuza kichwa kidogo.

"Jamani, imenyamaza," alisema, kwa utulivu, kama mtu anayeomba chumvi.

Mwalimu aliyekaa jirani yake, mwanamke aliyekuwa na kikombe mkononi, aliegemea, akabonyeza mahali pamoja kwa kidole kimoja, akarudi kwenye chai yake. Sauti ikaendelea kutoka pale ilipoishia. Hakuna aliyefanya jambo hilo kuwa jambo.

Mkuu alimpiga kaka begani na kusema kwamba ratiba yake ya vipindi inabaki ilivyo. Walimu wakapiga makofi. Niliachia kitasa. Niliumia, na nataka kulisema kwa mpangilio wake: kwanza niliumia, ndipo nikafurahi. Nilifurahi sana, lakini furaha ilikuja ya pili.

Kaka alitoka nje akishika ukuta kwa mkono mmoja, akasimama karibu yangu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. Nikazuia yangu. Akatoa simu, akabonyeza, na yangu ikatetemeka mfukoni. Nilirudi nyuma kwa vidole vya miguu, nikazunguka kona ya jengo, nikapokea.

"Bwana mdogo, imekubali! Naendelea kufundisha."

"Hongera, kaka. Hongera sana."

"Sauti ilipotea kidogo. Mwenzangu akairudisha, wala hatukukuhitaji." Alikuwa anacheka. "Uko wapi? Nasikia upepo."

"Dukani," nikasema. "Si unaijua Makambako kwa upepo."

"Haya, fanya kazi," akasema, na kengele ikagonga, nikaisikia kwenye simu na nikaisikia pale niliposimama, naye akaharakisha kwenda darasani.