Kamba Mbili za Kisima cha Baba

Harufu ya katani iliyolowa hunitoa jasho mpaka leo. Nikipita pale Musoma mjini wanapouza kamba, mvua ikiwa imezinyeshea zile zilizoning'inizwa nje, navuka barabara upesi hata kama upande wa pili sina shughuli. Siku hizi kamba zimejaa, za manjano, za bluu, nene kwa nyembamba. Wakati ule hapakuwa na cha kuchagua. Duka la kijiji chetu, nje kidogo ya Bunda, lilikuwa na chumvi, viberiti na muuzaji aliyesinzia.

Mwaka huo mvua ilitunyima mara mbili mfululizo. Pamba ilinyauka kabla haijafika gotini kwangu, ng'ombe wakabaki mbavu, na kijito tulichokuwa tukichota kikawa njia ya mbuzi. Baba, ambaye hakuwahi kuchimba kisima maishani mwake, akasema maji yapo, yamelala tu, akashika sururu. Mdogo wake, Baba Mdogo Magesa, alimwambia atatokea Ulaya kabla hajaona maji. Baba akaendelea kuchimba.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilipewa jina la mama yake mzazi, Nyangeta, kwa hiyo hakuniita jina. Aliniita "mama", nami nilijiona mtu mzima kweli. Kazi yangu ilikuwa kukaa mdomoni mwa kisima na kushika kamba. Maneno hayakufaa kule. Baba akipaza sauti, kuta ziliirudisha na kuichanganya, ikatufikia ngurumo tupu. Basi tulizungumza kwa kamba iliyoteremka kutoka kwenye gogo lililolazwa juu ya shimo. Akiitikisa mara moja, ndoo ya udongo ivutwe. Mara mbili, ishushwe. Mara tatu za harakaharaka, yeye mwenyewe atolewe, nikimbie kuwaita mama na Baba Mdogo waliokuwa wakilima hapo karibu.

"Na ukisikia, mama, unirudishie hivyohivyo," aliniambia. "Nisiporudishiwa najuaga hujasikia, napanda mwenyewe." Alikuwa amechonga vishimo vya kukanyagia ukutani, toka chini mpaka juu.

Niliupenda sana ule mtikisiko. Ulianzia chini gizani, ukapanda kama nyoka mwenye haraka, ukanigonga kiganjani. Kamba yenyewe haikwenda popote. Kilichosafiri ni nguvu ya mkono wa baba. Akiwa na nguvu, kiganja changu kiliruka. Akiwa amechoka, ulikuja mdogo, ingawa haukuchelewa zaidi. Kisima kilipokuwa kifupi ulifika papo hapo. Kilipozidi kwenda chini niliweza kutamka "moja" kabla haujafika, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimpimia mama kina cha kisima kila jioni.

Kisha kamba ikaisha. Katani nyingine haikupatikana Bunda yote. Mama akaondoka alfajiri na jogoo kwapani, nusu kwa miguu, nusu kwa lori, mpaka Kibara kwa wavuvi, akarudi kesho yake na kamba ya nyavu, ya nailoni, nyembamba lakini ngumu hasa. Akaiunga yeye mwenyewe chini ya ile katani nzito iliyojaa tope. "Hii haikatiki," alisema, akaning'inia kutuonyesha, miguu juu kama mtoto. Tulicheka mpaka Baba Mdogo akakaa chini.

Kuanzia hapo mtikisiko ulinifikia dhaifu. Ndoo nyingine baba alilazimika kuziomba tena na tena. Tulikuwa tukila mara moja kwa siku, nikadhani anaishiwa nguvu, nikaona si adabu kusema.

Siku ya pili yake, kabla ya adhuhuri, nilisikia kitu kidogo sana kiganjani. Nikatazama majani ya miti. Kweli kulikuwa na upepo. Sikurudisha kitu. Sikumwita mtu. Nikasubiri kingine, kimya. Baada ya muda ardhi ikanigonga nyayo kwanza, ndipo mlio ukaja, mzito, na vumbi likatoka mdomoni mwa kisima.

Ukuta ulikuwa umeporomoka. Nilipiga yowe, wakaja mbio. Baba Mdogo alishuka kwa kamba ileile, akafukua kwa mikono na sufuria. Mimi nililala kifudifudi nikiita "Baba! Baba!" na kisima kikinirudishia sauti yangu mwenyewe. Jua lilikuwa limeinama walipomfunga kamba kifuani wakamvuta juu. Alikuwa hai, lakini kiuno kimevunjika.

Usiku wa tatu aliweza kusema. "Mama, si ulinijibu? Niliona mchanga unaanza kudondoka, nikatikisa tatu, ukanirudishia tatu. Ndiyo nikangoja, sikupanda. Mbona sasa hukuwaita?"

"Sikujibu, Baba. Haki ya Mungu, sikujibu."

"Mkono wangu ulisikia."

Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Ila kuanzia siku ile aliniita Nyangeta. Majirani walisema nilikuwa nikichezea kamba. Mama alinitetea: "Mtoto alikuwaga na njaa siku zile, usingizi ulimshika. Mwacheni." Hata yeye, mnaona, hakuniamini. Nilifika mahali nikajishuku mwenyewe, pengine mkono ulitikisika bila mimi kujua, na mkono huo niliuchukia kiasi cha kuuweka kwenye siafu makusudi. Baba alifariki kabla ya msimu mwingine wa pamba, bila kuniita mama tena.

Nilipofika kidato cha tatu, Musoma, maabara yetu ilikuwa kabati lenye kufuli. Mwalimu wa fizikia akaja na kamba ya kufungia ng'ombe, akaiunganisha na kamba nyembamba ya kuanikia nguo. Akampa mwenzangu ncha nene, mimi akanipa nyembamba. "Wimbi likitoka kwenye kamba nyepesi likakuta nzito," alisema, "kinachovuka ni kidogo. Sehemu kubwa inarudi lilikotoka. Tikisa uone."

Nikatikisa mara tatu. Mwenzangu akasema hajasikia kitu, labda kidogo, kama upepo. Kwangu mimi mitikisiko ikarudi, mmoja, miwili, mitatu, ikanigonga mkononi.

Nilikaa sakafuni. Mwalimu alidhani ni malaria, akanipa ruhusa nikalale. Sikulala. Nililia kwa sababu baba alisema kweli, nami nilisema kweli, na yeye alikuwa ameshazikwa akiwa na swali.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani nimejaa maneno. Mama alikuwa akichambua pamba uani. Nikaanza, "Mama, ile kamba uliyoitoa Kibara..."

Uso wake ulinyooka, kama miaka imemtoka. "Ile kamba ndiyo iliyomtoa baba yako. Bila ile tungemzikia hukohuko chini. Kila nikikosaga usingizi nawaza hivyo: angalau niliileta kamba."

Alikuwa amelifunga lile fundo kwa mikono yake. Haya ninayowaeleza hayajui, naye bado yu hai. Mkipita Bunda msimpelekee.

"Ilikuwa kamba nzuri, Mama," nikasema.

Akanivuta karibu, akanifuta pamba iliyonishika nywele. "Na wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Nilishakusamehe."

Nikamwambia asante.