Matoazi ya Albamu ya Mnara

Kila asubuhi, kabla hajavaa shati, Fundi Makelele alibonyeza redio yake ya kaseti iliyokaa juu ya kabati la vyombo, akarudi kigodani, akamwuliza binti yake swali lile lile: "Leo tumfuate nani?"

Binti alikuwa mbele ya kioo, chanuo limesimama kichwani. "Leo besi," husema. Au, "Leo gitaa la kushoto." Basi baba mtu hufumba macho, akamfuata huyo mmoja tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha, asimjali mwingine. Ndivyo alivyomlea binti katika hevi metali. Muziki huu, alimwambia, ukiusikiliza wote kwa mkupuo utasikia makopo yanaporomoka ngazini. Mchague mtu mmoja. Mfuate kama unavyomfuata unayemjua katikati ya umati, unaangalia shati lake tu, mpaka afike kwake. Kesho mfuate mwenzake. Ukishawamaliza wote ndipo utaona hawagombani hata kidogo. Wanapishana mlangoni kwa adabu.

"Wanapishana mlangoni na sufuria zangu mikononi," mkewe alidakia kutoka jikoni. "Punguza, baba! Majirani wanadhani tunapigana humu."

"Wakija kuamulia, wape chai."

Majina ya nyimbo hakuyajali, kwa kuwa yalikuwa ya lugha asiyoijua. Alizitambua albamu kwa picha za juu ya kasha: albamu ya kunguru, albamu ya farasi, na ile aliyoipenda kupita zote, albamu ya mnara, yenye mnara unaowaka moto na mtu mmoja amekaa dirishani kana kwamba hana habari. Alipewa na rafiki yake kinyozi zamani, wote wawili bado hawana hata ndevu za kunyoa. Ndani yake alijua kila kona. Alijua pale magitaa mawili yanapopanda pamoja, moja likiwa ngazi moja juu ya lingine, kama ndugu wawili waliobeba kitanda. Alijua pale mpiga ngoma anapokimbiza miguu yote miwili, ukadhani ni mvua, ila kila tone linaangukia mahali pake. Na katika wimbo wa tatu kulikuwa na pahala ambapo wote wananyamaza, mpiga ngoma anabaki peke yake na toazi dogo, analigusa ukingoni kwa ncha ya kijiti, taratibu, mpaka unahisi kuna mtu anataka kukwambia jambo. Kisha wote wanarudi kwa mshindo, kama mlango uliopigwa teke.

Pahala hapo ndipo binti alipopapenda kupita pote. Kwa hiyo haikuwa ajabu asubuhi moja aliposema, "Leo matoazi."

Fundi akafumba macho. Wimbo wa kwanza hakulisikia toazi, akaona ni uvivu wake wa kusikiliza. Akaurudisha nyuma. Ngoma ilikuwapo, besi ilikuwapo, mwimbaji alikuwa akinguruma kama kawaida yake. Wimbo wa tatu ulipofika, wote wakanyamaza, naye akangoja. Akangoja. Hakuna aliyekuja. Kulikuwa na kimya kirefu, kisha mlango ukapigwa teke.

"Kaseti imechakaa," alisema.

Binti alimtazama kupitia kioo.

Na kweli, kaseti huchakaa. Sauti nyembamba ndizo huondoka kwanza, kila mwenye kaseti anajua. Jioni ile alifungua redio, akasafisha kile kichwa kinachosoma kaseti kwa pamba na spiriti. Alizungusha skrubu ndogo ya kando yake kwa bisibisi, akaizungusha tena. Kitufe cha sauti nyembamba alikipeleka mpaka mwisho. Mkewe akatoka jikoni kaziba masikio. "Unatutoboa! Hicho ni kitu gani kinacholia tsi tsi tsi kama nyoka?" Fundi akamkodolea macho, kwa sababu yeye hakusikia nyoka yeyote. Alipoulizwa atakula sasa au baadaye hakujibu, na mkewe akacheka: "Sikio la kufa halisikii dawa!" Alikuwa akitania tu. Lakini fundi aliliacha bisibisi mezani, akatoka nje kunawa mikono iliyokuwa haina uchafu.

Kesho yake alipita kwa kinyozi, ambaye alikuwa na nakala yake ya albamu ile ile, ya sidii, haijapata mkwaruzo.

"Niwekee ule wa tatu," alisema. "Yangu imekufa."

Kinyozi akamwacha mteja na povu kidevuni, akauweka. Kilipofika kile kimya, akainua kidole juu, macho yakang'aa. "Hapo! Sikia huyo bwana. Angeweza kupiga kwa nguvu, anazo nguvu, lakini ona anavyolibembeleza. Changarawe kwenye bati, eti?"

Fundi alikiangalia kidole cha kinyozi kinavyochezacheza hewani. Kwa kidole hicho ndipo alipojua toazi lipo.

"Changarawe kabisa," alisema. Akajichekesha. Mwenye povu kidevuni naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Sasa, fundi huyu kazi yake ilikuwa msumeno. Alifanya kazi kwenye karakana ya mbao ya shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mnene mwenye mzaha mwingi na moyo mwepesi wa kuamini. Msumeno wao ulikuwa wa meza, wa duara. Fundi alisukuma mbao upande huu, shemeji akapokea upande ule. Macho ya wote wawili yalikaa kwenye meno, kwa hiyo ishara za mikono hazikuwa na maana pale. Walitumia sauti. Na kwa vile kelele ilikuwa kubwa, walijiwekea desturi: mwenye kuita anaita mara moja tu, "Ngoja!", wala hasubiri jibu. Neno likishatoka, mkono wake umeshaingia ndani, unaondoa kipande kilichokwama. Mwenzake amesimama, hasukumi tena. Ni lazima awe amesimama. Miaka yote walikwenda hivyo, vidole vyao vyote vikiwapo, na shemeji alipenda kuwaambia wateja, "Huyu Makelele ana masikio ya paka. Msumeno ukikohoa tu, ameshajua umekwama wapi."

Jumapili, fundi alikuwa kigodani akinoa patasi. Binti akaja nyuma yake, akasimama. Akasema kitu. Baba hakugeuka. Akasema tena, kwa sauti ya kawaida ya watu wawili chumbani. Ndipo akazunguka, akachuchumaa mbele yake.

"Baba, kaseti haina ubaya."

"Basi ni redio."

"Redio nayo haina."

Fundi akaendelea kunoa. Patasi ilikuwa kali tangu zamani.

"Nimekuita mara mbili," binti alisema.

"Nilikuwa na mawazo."

"Mjomba anajua?"

Hapo aliacha kunoa. "Asijue," alisema. "Wala mama yako. Mtu asiyesikia hasimami kwenye msumeno, na mimi kazi nyingine siijui. Umenisikia?"

"Mimi nimekusikia," binti akajibu. Hakukusudia ukali, lakini neno lile lilimchoma fundi. Akanyoosha mkono, akaushika mkono wa binti kwa muda, kisha akamrudishia mwenyewe kama kitu cha kuazima.

Tangu siku ile, kila aliposukuma mbao, hakuangalia meno ya msumeno peke yake. Aliangalia mdomo wa shemeji. Aliuangalia kama binti anavyokiangalia kioo, kwa pembeni. Shemeji akaona. "Vipi, leo nimependeza? Dada yangu ataona wivu!" Wakacheka. Fundi alijiambia kwamba macho yanaweza kufanya kazi ya masikio, mradi tu usipepese.

Lakini vumbi la mbao halimwulizi mtu. Ilikuwa mchana, wanapasua ubao mzito wenye mafundo, unga ukamwingia jichoni, akapepesa. Ndani ya kupepesa kule kipande kilikwama kando ya msumeno, shemeji akaita. Akaita mara moja, kama desturi, na mkono wake ukaingia.

Fundi akasukuma.

Alichokiona alipofungua jicho kilikuwa mdomo, umeachama wote, na mkono wa shati la shemeji ukiliwa na meno ya msumeno. Akaigonga swichi kwa goti. Msumeno ulizunguka, ukazunguka, ukachoka.

Shemeji alikuwa amekaa chini kwenye unga wa mbao. Shati lilikuwa limechanwa hadi kwenye kiwiko. Juu ya kifundo cha mkono ngozi ilikuwa imekwanguliwa, damu inachuruzika nyembamba. Alivihesabu vidole vyake kwa kuvikunja kimojakimoja, kama mtoto.

"Ulitaka kunibakiza nusu?" alisema, akicheka cheko lisilo na pumzi. Kisha hakucheka tena. "Shemeji, nilikuita."

Fundi alikuwa anakiangalia kinywa hicho. "Nilisikia."

"Ulisikia?" Shemeji akainuka taratibu, akijishikilia kwenye meza. "Ulisikia, halafu ukasukuma?"

Karakana ilikuwa kimya, au fundi alidhani ni kimya. Angeweza kusema aliteleza. Angeweza kusema lolote, na shemeji, kwa moyo wake ule, angeamini, na kesho angeuingiza mkono tena.

"Sikusikia," alisema. "Sisikii, shemeji. Kitambo sasa."

Shemeji akamtazama usoni. Kisha akautazama msumeno.

Fundi akavua aproni, akaikung'uta unga, akaitundika kwenye msumari wake. Alichukua kitambaa kwenye rafu, akaufunga mkono wa shemeji vizuri, fundo la mafundi, lisilolegea. Kisha akatoka, akishika njia ya nyumbani iliyopita mbele ya kinyozi.

Shemeji alimfuata hadi mlangoni. Akamwita. Akamwita tena, kwa jina lake la kweli safari hii, kwa nguvu hata mshona viatu wa upande wa pili wa barabara akainua kichwa, na kinyozi akachungulia na wembe mkononi. Fundi alikuwa anakwenda, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, kama mtu anayemfuata mwenzake kwenye umati. Hakurudi kuivaa aproni; ilikaa kwenye ule msumari mpaka unga uliosalia ukadondoka wote.