Nesi alisema kitanzi kimeshatoka, kumbe kilikuwa kimejichimbia ndani: yaliyompata mdogo wangu Mwanza

Habari zenu wakuu.

Nimesoma mabishano ya humu kuhusu kitanzi cha uzazi wa mpango. Wengine wanasema kinaua, wengine wanasema hakina neno. Mimi sijasomea udaktari wala sheria. Nasimulia nilichokiona kwa macho yangu, sipunguzi wala siongezi.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mwanza. Wazazi wetu walitangulia mapema, nami nikiwa wa kwanza kuzaliwa niliacha shule nikiwa darasa la sita ili wadogo zangu wale. Nilikuwa nakaanga mapanki Mabatini, yale mabaki ya sangara baada ya viwanda kuondoa minofu. Waliokuwepo wanaikumbuka ile harufu kwenye nguo.

Mdogo wangu nitamwita Milembe, si jina lake. Aliolewa Buhongwa, enzi hizo bado ni kijiji chenye mashamba. Ng'ombe wa mahari waliletwa kwangu, kwa kuwa baba hakuwepo na kaka hatukuwa naye. Wazee walinitania sana, mwanamke kupokea ng'ombe. Nikapokea hivyo hivyo.

Alipojifungua binti yake wa kwanza, yeye na mumewe walikubaliana apumzike kuzaa kidogo. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa kila mtaa, na moja ilikuwa jirani na kibanda changu. Nesi wa pale alikuwa mcheshi, ana mkono mwepesi. Akamwekea kitanzi.

Kwa wasiokijua: kinakaa ndani ya mji wa mimba, na nyuzi zake zinabaki kwenye mlango wa kizazi ili kijulikane kipo na kiweze kuvutwa.

Binti alipoanza kukimbia huku na huku, mumewe akasema sasa tutafute mwingine. Tukaenda kukitoa. Yule nesi hatukumkuta, mwenye zahanati alikuwa amempeleka kwenye tawi lake jipya upande wa Busisi. Nesi mwingine akasema, "Panda kitandani dada, nikitoe mimi."

Milembe akakataa. Nami nikamuunga mkono.

Hapa mtatucheka, lakini ndivyo tulivyokua. Kwetu mganga akikufunga kitu, dawa ya kiunoni au kinga ya nyumba, anayefungua ni yeye mwenyewe. Akifungua mwingine unaharibika. Tukakiona kitanzi nacho ni kifungo cha namna hiyo. Nesi huyo mwingine alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, mfuateni mganga wenu."

Tukaenda Kigongo, tukavuka na kivuko mpaka Busisi, tukamkuta nesi wetu. Alifurahi kutuona. Akampima, akaangaza tochi, akageuza shingo huku na huku.

"Nyuzi sizioni. Kimeshatoka chenyewe."

Milembe akauliza, "Kimetoka lini? Mbona sikukiona?"

"Labda chooni. Wengi hawajui. Nenda kazae, mama."

Tukarudi tunacheka. Hatukujua kwamba hapo alitakiwa kutuandikia picha ya X-ray.

Mimba haikuingia. Badala yake yakaja maumivu chini ya kitovu, damu nyingi kupita kawaida, mwisho homa. Mama mkwe akaanza kusema kwa majirani kwamba mkamwana wake alikwenda mjini kufungwa kizazi moja kwa moja, kwa siri, na kwamba mimi ndiye niliyempeleka.

Siku moja baba mkwe mwenyewe akamleta Milembe mpaka kibandani kwangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kiti.

"Mwanao huyu hapa," akaniambia. "Kama alifungwa, mkamfungue. Kama hafunguki, tutaongea habari za ng'ombe. Mtoto anabaki kwetu."

Wakuu, ng'ombe hawakunisumbua. Lililonisumbua ni mtoto. Kimila, ng'ombe wakishapokelewa, mtoto ni wa upande ule. Milembe hakulia mbele ya mkwe wake. Alingoja mzee akate kona.

Asubuhi yake nilifunga biashara nikampeleka hospitali kubwa. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulizoea, kisha akaagiza picha ya X-ray. Ilipotoka akaiinua dirishani, akatuita.

"Mnaona hiki cheupe?"

Kitanzi kilikuwepo. Kimekaa upande, na daktari akatueleza kwamba mkono wake mmoja umejichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba, na nyuzi zimepanda nacho juu. Alisema muda wote kilikuwa kinaendelea kuzuia mimba, na sasa kulikuwa na maambukizi. Nikamweleza habari ya kumtafuta aliyekiweka. Hakucheka. "Kitanzi hakina mwenyewe," akasema. "Yeyote aliyesomea anakitoa. Na nyuzi zisipoonekana, hakuna anayejua kiko wapi mpaka apige picha."

Akapewa dawa kwanza, kisha akaingizwa chumba cha upasuaji. Nilikaa kwenye benchi nje, harufu ya samaki ikanifukuzia majirani wote. Daktari alipotoka alisema maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka: "Kimetoka chote, na kizazi ni kizima."

Nilipomfuata mwenye zahanati, akaniambia nishukuru mgonjwa yupo hai, na kwamba tulikwenda kwake kwa miguu yetu. Ningeweza kuishia hapo. Lakini mteja wangu mmoja akanielekeza kwa wakili mama, aliyekuwa akisaidia wanawake bila malipo.

Yule mama alituambia ukweli bila kutupaka mafuta. Kitanzi kupenya kunaweza kutokea hata kwa mkono mzuri, na hilo peke yake si kesi. Kosa ni kuona nyuzi hazipo na kumwambia mgonjwa kimetoka, bila kuhakikisha. Akasema tunaweza kulalamika kwa mganga mkuu wa mkoa, kumshtaki nesi kwenye baraza la taaluma yake, na kufungua madai ya uzembe mahakamani. Akatuonya kwamba madai hayo yana ukomo wa muda, tusikae nayo. Ile picha na maelezo ya daktari tuvitunze kama roho.

Kisha akamgeukia Milembe. "Wewe unataka nini?"

Nilidhani atasema fidia.

"Nataka aje Buhongwa aseme kwa wakwe zangu kwamba sikufungwa."

Wakili akaandika barua ya madai, akaweka gharama za matibabu na hilo pia. Mwenye zahanati akajibu yuko tayari kulipia matibabu, ila Buhongwa haendi, yeye ni mtu wa heshima. Wakili akamjibu kwamba heshima hiyo ataieleza vizuri mbele ya hakimu.

Akaja, amevaa suti ya rangi ya ugoro. Alisimama uani, akajieleza kwa sauti ndogo, tukilazimika kumsogelea. Baba mkwe akamsikiliza.

"Kwa hiyo mkamwana wangu hakufungwa?"

"Hakufungwa, mzee. Kosa ni letu."

"Sema tena kwa nguvu. Mke wangu yuko jikoni na sikio lake moja halifanyi kazi."

Akarudia kwa sauti. Jikoni sufuria ikawekwa chini. Mama mkwe akatoka, akamtazama Milembe, akamwinua yule binti na kumweka mikononi mwa mama yake. Mume wa Milembe akaenda kuleta viti.

Milembe alizaa tena, mara mbili. Kisha, na hili ndilo nawaambia wanaosema kitanzi ni sumu, akaenda mwenyewe hospitali kuwekewa kingine. Safari hii hakushuka kitandani mpaka alipofundishwa kuzigusa nyuzi.

Nilichojifunza: nyuzi zikipotea, usikubali neno "kimetoka" bila picha. Maumivu, homa au damu isiyo ya kawaida, nenda hospitali mapema. Ukiumizwa, tunza vipimo na umwone wakili kabla muda haujakwisha. Na mwulize mgonjwa mwenyewe anataka nini, kwa sababu mimi ndugu yake nilikosea kukisia.

Wenye ujuzi wa afya na sheria mnisahihishe nilipoteleza, hasa kuhusu utaratibu wa sasa wa kulalamika. Na dada yeyote aliyeambiwa "labda chooni", aandike hapa chini, asione haya.