Tuta la Mutindi lililokataa kugeuka njano

Jua bado halijachomoza kijijini Kola, na Mutindi Kilonzo amechuchumaa kando ya tuta la vitunguu, akifukua udongo kwa ncha ya kijiti. Anausogeza puani na kuunusa. Kisha anageuka kukagua nyayo kwenye njia.

"Siku hizi sipandi kitu bila kukilinda," anasema. "Hata mtu wa nyumbani namchunga."

Mama huyu wa watoto wanne hulima vitunguu kwenye shamba dogo. Kukiwa na kibarua, hupalilia mashamba ya wengine kwa shilingi mia nne kwa siku. Mwaka jana vitunguu vyake vilianza kumwaibisha. Majani machanga yalitoka ya njano, na wateja sokoni Machakos wakanung'unika kwamba haviwashi macho.

Ndipo Bartholomew Musili, wakala wa unga wa ukungu wa kurutubisha udongo, alipotembelea kikundi chao cha akina mama. Aliandamana na Winfred Nzilani, mtafiti wa udongo. Winfred aliwaeleza kuwa mashamba yao hayakukosa salfa, ile inayokipa kitunguu ukali. Sehemu kubwa ilikuwa imefungwa ndani ya samadi na majani yaliyooza, mizizi isiweze kuinywa. Ukungu hutoa kimeng'enya kinachokata kifungo hicho na kuiachilia.

Mutindi hakushawishika. "Ukungu mimi niliujua ni wa kuharibu mahindi. Nikajiuliza, huyu mtu anatuuzia uchafu?"

Kwa ukali wake huo, wenzake walimchagua atunze tuta la majaribio. Tuta la pili, nalo lililotiwa unga ule, lilikuwa kwa Peris, jirani yake. Matokeo ndiyo yangeamua kama kikundi kinunue unga ule au la.

Vitunguu vya Mutindi vilistawi hadi wapita njia wakawa wanasimama kutazama. Vya Peris vilisuasua.

Siku ya kupima, Winfred alichanganya udongo wa kila tuta na dawa isiyo na rangi, akasubiri, kisha akaongeza matone ya dawa nyingine. Kimeng'enya kikiwa kazini, alisema, maji yatageuka njano. Ya Peris yaligeuka. Ya Mutindi yalibaki vilevile.

"Mama Lenny," Winfred alimuuliza Mutindi, akimkazia macho, "kuna mtu ametia mbolea ya dukani hapa? Ukungu ukipata salfa iliyo tayari, hauna haja ya kukata kitu. Unaacha kazi."

Wanawake wote walimgeukia Mutindi. Yeye akamgeukia Bartholomew, aliyekuwa ameonekana peke yake shambani mwake mchana mmoja.

"Ni wewe! Ulitaka vipendeze ndio tununue."

"Mwaitu, mama yangu, haki ya Mungu nilikuja kupiga picha tu."

"Picha gani hiyo ya nusu saa?"

Hakuna aliyemwamini. Aliambiwa asikanyage Kola tena, akaondoka na mfuko wake begani bila kuaga.

Jioni hiyo Kilonzo, mume wa Mutindi na fundi wa mawe, hakumaliza chakula. Msimu mzima alikuwa ameucheka ukungu. Sasa aliposimuliwa jinsi mwenye ukungu alivyofukuzwa, hakucheka.

"Mimi namjua," anasema Mutindi. "Akinyamaza hivyo, ako na kitu."

Alimuuliza waziwazi. "Baba Lenny, ni wewe?"

Kilonzo aliitazama mikono yake. "Watu wote walikuwa wamekuamini. Nikaogopa ikikataa watakucheka. Nikaweka mbolea kidogo tu, ukiwa umeenda kibarua."

"Na ukaniacha nimwite mtu mwongo mbele ya watu?"

Mutindi anasema usiku ule alilala akiwa ameupa ukuta uso, akijiuliza ni mambo mangapi mengine mumewe amemfanyia kwa wema wa namna hiyo.

Asubuhi walikwenda pamoja Kathiani, nyumbani kwa Bartholomew. Aliwapokea langoni, hakuwakaribisha ndani. Kilonzo alieleza yote. Mutindi akaomba msamaha, na baadaye akauomba tena mbele ya kikundi kizima.

"Nimesikia," Bartholomew alimwambia pale langoni. "Lakini wewe ulinihukumu kabla hujauliza."

Kikundi bado hakijaamua. Winfred amekubali waanze upya, na Mutindi amepanda tuta jingine, akalizungushia matawi ya miiba. Amemwomba Bartholomew aje siku ya kupima. Jibu lake lilikuja kwa simu: atakuja, ila atasimama barabarani.

"Wacha asimame," anasema Mutindi, akirudishia miiba mahali pake. "Dawa ikigeuka njano, nitamwita aingie mbele ya kila mtu. Isipogeuka, bado nitamwita, ajionee mwenyewe."

Na Kilonzo je?

Mutindi anatazama upande wa nyumba, ambako mumewe anatia nyundo zake kwenye mfuko tayari kwa kazi.

"Huyo naye," anasema, "atangoja huko huko barabarani."