Mama Kufuli Asoma Ujumbe Usiosomeka

Chai imepoa mezani. Mwanamke ametoa macho mbele ya kompyuta, mkono mdomoni, kana kwamba amekuta nyoka kitandani. Kwenye kioo pameandikwa: "Shemeji yako amenenepa mpaka mkanda unalia."

Utani huo umetoka kwa dada yake, muuguzi, kwenye kishikwambi cha zahanati. Umetumwa ukiwa umefumbwa, ili asiye na ufunguo aone vurugu ya herufi tu. Kompyuta hii haina ufunguo. Imeusoma wote.

"Dada, nimeusoma," anasema kwenye simu.

"Umeusomaje? Si ulituapia kwamba hata wewe huwezi?"

"Niliapa. Acheni kutuma majibu ya wagonjwa, sasa hivi. Na usiniulize kwa nini."

Majirani humwita Mama Kufuli. Mwanawe alisema shuleni kwamba mama hutengeneza makufuli, na tangu hapo watu humletea ya milango, yaliyoshika kutu. Ukweli ni kwamba anaandika programu. Akitoka kibaruani, katika ofisi ya bima, hutunza msimbo huria wa kufumba ujumbe. Yeyote huuchukua na kuutumia bure. Michango ya mwaka jana ilitosha kununua kibodi.

Asubuhi hiyo mwalimu wa chuo, asiyemfahamu, alikuwa amemwandikia kwamba vifaa vidogo vinavyotumia msimbo huo vikibuni ufunguo mara tu vinapowashwa, funguo hizo hufanana. Anayezikisia hufungua kila kitu.

"Nilidhani mzaha," anasimulia. "Ndipo nikamwomba dada anitumie neno lolote. Jamani! Hata chai niliisahau."

Dawa ilikuwa mistari michache: kifaa kisibuni ufunguo kabla hakijawa tayari kubuni usiofanana na mwingine. Akampelekea mwenzake wa kujitolea, mhandisi mstaafu aliyebandikwa jina la Babu Hapana kwa kukataa kila kitu.

"Hapana," akajibu. "Mlango umeufunga, mwanangu. Na wezi waliokwisha kuingia je?"

Alikuwa na haki. Funguo mbovu za zamani zilikuwa bado zinakubalika. Ilibidi toleo jipya lizikatae zote, na kila anayelitumia asimame mpaka apate ufunguo mpya. Tena bila kutangaza mapema.

"Ukinyamaza, watu wanaibiwa. Ukipiga kelele, umewaita wezi," anasema Mama Kufuli.

Alhamisi mchana akalitoa. Haukupita muda, simu ikalia.

"Wagonjwa wamejaa hadi barazani, na wewe umetufungia!" dada alifoka.

Sasa aliweza kusema, akamweleza yote.

"Mle ndani," dada akasema taratibu, "kuna na majibu yangu."

Mama Kufuli hakujua kwamba dada yake aliwahi kupimwa chochote. Hakuuliza majibu gani. Dada ameturuhusu kuandika hilo, basi.

"Nililia kama mtoto," anakiri. "Siri ya ndugu yangu wa tumbo moja ililindwa na kitu nilichoandika mimi, na kitu chenyewe kilikuwa wazi."

Mwalimu na wenzake wamechunguza, na hawajaona dalili ya mtu kuingia. Lakini barua hazikatiki: wodi ya wazazi, mtambo wa maji, wakili wa wafungwa. Wote walikuwa wakimtegemea, naye hakuwa na habari.

Sasa anatafuta wasaidizi wa kukagua kila mstari kabla haujatoka. Wengi wamejitokeza, wakimsifu.

"Wa kunisifu wanatosha," anasema, akifuta kioo kwa mkono wa sweta. "Nataka wabishi. Babu Hapana ni mmoja tu, naye anazeeka."